Lenzi Ndefu ya Fungate

4 Februari

Dada yangu kipenzi,

Pokea salamu nyingi kuliko picha zote za pasipoti ulizopiga tangu ufungue studio. Hujambo? Mgongo umepoa, au bado unasimama kutwa nzima kama mlingoti? Mimi ni mzima wa afya, na siku ukiniona ukasema sijanenepa, ukapime macho.

Ndoa inanikubali, dada! Juzi nilikuwa naosha vyombo, aproni ikafunguka. Mume wangu akaja nyuma yangu, akaifunga upya, akaenda zake. Nilibaki na povu mikononi nacheka peke yangu kama mwehu. Miezi miwili sasa, na bado nikisikia funguo zake mlangoni moyo unaruka.

Sasa habari kubwa. Kiwanda cha maziwa kimempa ruhusa ya siku tisa. Mafundi wenzake watamshikia majokofu, nasi tunakwenda fungate yetu iliyochelewa! Miji mitatu, siku tatu tatu, sisi wawili na kamera. Unajua kila mtu ana ugonjwa wake. Wa mume wangu ni kamera. Hajawahi kupiga picha ya kuuza. Anapiga kwa mapenzi tu, kama wengine wanavyofuga njiwa.

Kuna muuza kamera zilizotumika karibu na kazini kwake, amekubali kubadilishana naye lenzi moja kwa mbili za zamani alizonazo. Uchaguzi ndio unamnyima raha. Kuna lenzi ya kuvuta ya kati, inaanza 18 inakwenda mpaka 135. Na kuna ndefu, inaanza 70 inafika 300, ukiitoa yote inakuwa kama mchi. Ile fupi iliyokuja na kamera haimo katika hizo mbili, anabaki nayo, ila anasema imemchosha. Mimi sijui kitu, nikamwambia, "Tuna mtaalamu katika familia." Tushauri, dada yangu. Safarini mtu abebe ipi?

Barua hii nimeipa basi la asubuhi kama ulivyoagiza. Najua simu huitaki.

Mdogo wako mwenye furaha


9 Februari

Mdogo wangu,

Barua imefika, bahasha haijafunguliwa, nimeikagua. Mgongo uko palepale. Simu siitaki kwa sababu yangu iko kaunta, na kila mteja hapa ana masikio mawili.

Nimefurahi kusikia unacheka. Usiache. Lakini unapocheka, jicho moja liache wazi.

Kuhusu lenzi, jibu ni fupi. Mchukue ya 18 mpaka 135. Safarini unaingia chumba kidogo, unakaa meza moja na mtu, unasimama kwenye kichochoro. Namba ndogo ndiyo itawaingiza wote kwenye picha. Ukitaka mlima, unavuta mpaka namba kubwa, nao unakuja karibu. Hupati vumbi ndani ya kamera kwa kubadilisha lenzi njiani, na shingo haikuumi. Ile ya 70 mpaka 300 ni nzito, inataka jua kali, mkono ukitikisika kidogo picha imeharibika. Na ukiwa mezani na mumeo, kwa lenzi hiyo atapata pua yako tu. Itabidi asimame upande wa pili wa barabara ndipo akupate mzima.

Ndiyo maana nauliza: lenzi ndefu ya nini fungateni? Miaka ishirini na mbili niko kwenye kazi hii. Mwenye lenzi ndefu anataka kumtazama mtu asiyejua kwamba anatazamwa. Ama ndege, ama mtu. Mumeo ameanza lini kupenda ndege?

Usinikasirikie. Wewe nilikulea tangu una miaka sita, na baba wa wanangu alinichekea hivyohivyo miaka saba, kumbe ana nyumba nyingine na watoto wengine, safari ya saa nne tu kutoka hapa. Kila mwezi alikuwa "kikazi". Mimi mpiga picha nilikuwa kipofu.

Niandikie ratiba yote: tarehe, mabasi, nyumba za wageni. Nijue tu mlipo.

Dada yako


15 Februari

Dada yangu wa pekee,

Shikamoo tena, maana nimecheka hadi mbavu zimeuma. Nilimsomea mume wangu barua yako (ile sehemu ya lenzi tu, usiogope!). Alisikiliza kama mwanafunzi, akasema, "Dada anasema kweli tupu." Halafu jioni nikamkuta roshanini na lenzi zote mbili, yule muuzaji amemwazima siku moja azijaribu. Amezipima kwa mzani wetu wa jikoni! Ndefu imekaribia nusu ya pakiti ya sukari ya kilo moja. Akavuta mpaka 300, akanisomea maandishi kwenye fulana iliyoanikwa ghorofa ya nne ng'ambo ya barabara. "Njoo uone, mke wangu, hadi pini zinaonekana!" Uso wake, dada, ulikuwa wa mtoto aliyepewa baiskeli.

Ningemkatalia vipi? Nikasema achukue ndefu, na ile fupi ya zamani tuiweke mkobani kwa ajili ya mezani. Akanibusu kipaji cha uso. "Bega ni langu," akasema, "acha liumie."

Na ndege anawapenda. Nimemuuliza. Ameanza Jumanne.

Ratiba hii hapa. Tarehe mosi Machi, basi la saa mbili asubuhi, tunakwenda mji wa ziwani, nyumba ya wageni iliyo nyuma ya posta. Tarehe nne, basi la saa mbili tena, mji wa milimani, hoteli ya kituoni. Tarehe saba, saa ileile, mji mkongwe wenye vichochoro, nyumba ya wageni ya mjane mmoja. Tarehe tisa jioni tuko nyumbani. Umeridhika, afande?

Mdogo wako anayefunga mizigo


19 Februari

Mdogo wangu,

Hatujambo sote. Ameanza Jumanne. Nimesikia.

Safari njema. Kula vizuri, lala vizuri. Mtazame anamwelekezea nani lenzi hiyo, kisha mtazame uso wake akiishusha.

Dada yako


12 Machi

Dada, dada, dada!

Tumerudi salama, wazima kama chuma. Wewe na wanao hamjambo? Sina pa kuanzia. Ziwani tulikaa ukingoni mpaka suruali zikalowa. Milimani kulikuwa na baridi ya kututia wote wawili ndani ya koti moja, nami sikulalamika hata kidogo! Kwa yule mjane tulipewa chumba chenye dirisha dogo kama bahasha, na asubuhi mume wangu akaniletea chai kitandani huku ngazi zile zinalia kama zinasema siri.

Picha nakutumia kumi na mbili. Ulisema kweli, ile fupi ndiyo iliyotupiga tukiwa mezani. Lakini tazama ile ya ndege mweupe juu ya mlingoti! Macho yake yanaonekana! Amepiga kwa 300, ameegemea ukuta asitikisike.

Kitu kidogo tu, nakuandikia kwa sababu sikufichi kitu. Mara nyingine tukiwa tunatembea alibaki nyuma. "Tangulia, mpenzi, nimeona ndege." Ninageuka, naona ameelekeza lenzi mtaani, chini, kwenye watu. Nikimuuliza, anasema ndege ameruka. Ulinitia maneno masikioni, nawe! Nimeyafuta. Ni mume bora kuliko wote waliozaliwa.

Mdogo wako aliyeungua pua kwa jua


16 Machi

Dada,

Salamu. Sijui kama u mzima, mimi si mzima.

Jana alikuwa kazini. Nilifungua kompyuta kutafuta picha ya koti letu niitengeneze kubwa. Ndani ya folda ya safari kuna folda nyingine, jina lake "Mengineyo". Nimekuta picha tisa. Mwanamke mmoja, dada. Yuleyule, picha zote tisa.

Ni mtu mzima wa kama miaka arobaini, kitambaa cha bluu kichwani, kikapu mkononi. Ziwani amekaa kwenye benchi. Milimani amesimama dukani, anakula karanga. Kwenye mji mkongwe yuko kona ya kichochoro, uso kaugeuza. Kompyuta inaandika pembeni kila picha imepigwaje: 300, 300, 280, 300. Na saa. Moja ni saa tatu asubuhi ya tarehe tano. Saa hiyo alikuwa ameniambia, "Tangulia, mpenzi."

Mwanamke gani anakwenda miji mitatu tuliyokwenda, kwa siku zilezile? Mtu aliyeitwa. Nani kamwita? Nimepika, nimemwandalia, amekula, amenisifia. Nilikuwa natazama mdomo wake unavyotafuna nikijiuliza huyu ni nani amekaa kwenye kiti changu.

Nimechapa tatu, nakutumia. Wewe una kioo chako cha kukuzia. Zitazame, uniambie unaona nini. Sijamuuliza bado. Nikimuuliza akadanganya nitafanya nini? Naweza kurudi kwako? Kitanda changu bado kipo?

Mdogo wako


30 Machi

Dada,

Hujambo? Wiki mbili sasa. Hujawahi kukaa zaidi ya siku tano bila kunijibu, hata ulipolazwa. Dereva wa basi anasema bahasha aliikabidhi mwenyewe mkononi mwako.

Nalala upande wa ukuta. Ananiuliza nina nini, nasema kichwa. Ameninunulia dawa ya kichwa. Nijibu, tafadhali.

Mdogo wako


4 Aprili

Mdogo wangu kipenzi,

Salamu nyingi sana, na samahani, kazi zilinizidi. Shule zinafunguliwa, kila mzazi anataka picha nne za mtoto.

Picha nimeziangalia. Sioni kitu. Mwanamke anakula karanga, basi. Watu husafiri, mdogo wangu, na wasafiri hukutana njia moja. Huenda alipenda rangi ya kitambaa; sisi wapiga picha tuko hivyo. Futa folda hiyo, usimuulize. Ukimuuliza mtu jambo lisilokuwepo unalizaa.

Nimefikiri sana juu ya mumeo, na nakwambia kwa moyo mmoja ni mtu mwema. Mwanamume anayepiga magoti sokoni mbele za watu kumfunga mkewe kamba za viatu vya manjano, huyo usimchezee. Mimi sikupata wa hivyo. Tulia, mpende, sahau.

Dada yako akupendaye


9 Aprili

Dada,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, kwa sababu nataka uisome mpaka mwisho.

Kila barua ninayokuandikia huiandika kwanza kwenye daftari, kisha nainakili. Nimelisoma daftari lote mara tatu. Viatu vya manjano havimo. Vilinunuliwa milimani tarehe tano, vikanibana, nikampa mhudumu wa hoteli tarehe sita. Havimo kwenye picha hata moja. Mume wangu alipiga magoti, ndiyo. Tulikuwa wawili, na muuza viatu.

Jana nilizipanga zile picha tisa mezani, mbele ya kikombe chake cha chai.

"Huyu nani?"

Akazitazama. Akakoroga chai iliyokwisha kukorogwa. "Unataka jibu, au unataka amani?"

"Nataka jibu."

"Basi kaa. Huyo yuko kaunta kwa dada yako."

Nikamwambia anaota, kaunta yako naijua. Akasema, "Ameajiriwa baada ya harusi. Nilipokwenda kuchukua picha yetu kubwa ndiye aliyenifungia kwa gazeti. Ziwani nilikuwa natafuta ndege, nikavuta mpaka 300, nikakutana na uso wake."

"Ukanyamaza?"

"Siku ya kwanza nikasema labda ni likizo yake. Milimani nikasema hapana."

"Sasa kwa nini ulimpiga picha?"

Hapo akaweka kijiko chini, dada. Akasema, "Kila picha ina saa na tarehe. Kesho na keshokutwa ikisemwa nilikuwa mahali fulani na mtu fulani, ninayo ya kuonyesha."

Siku tisa. Wewe unamchunguza yeye, yeye anaweka ushahidi dhidi yako, na mimi katikati nimevaa koti la watu wawili, nachekelea. Wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa nakipekua kwenye nguo zake peke yake.

Niambie kwa mkono wako. Ulimtuma?

Mdogo wako


14 Aprili

Mdogo wangu,

Sina uso wa kukuuliza hali.

Nilimtuma. Niliposoma "ameanza Jumanne" sikulala vizuri tena. Ratiba niliyokuomba nilimpa yeye. Nilimwambia kama kuna nyumba nyingine, kama kuna mwanamke kwenye mmoja wa miji hiyo, nataka kujua mapema, siyo baada ya miaka saba na watoto wawili. Nilijua nitakuumiza. Nilihesabu nitakuumiza kidogo.

Alirudi tarehe kumi. Nikafunga mlango, nikamwambia haya, sema. Akaniambia habari za viatu. Akaniambia mnavyogombania upande wa dirisha ndani ya basi. Nikamwambia hayo siyo niliyokutuma. Akasema hayo ndiyo yaliyopo.

Halafu kikaja cha kunimaliza. Siku ya sita mumeo alivuka barabara akamfuata alipokaa, akamwamkia, akampa kikombe cha chai. Akamwambia, "Mama, basi la kesho limesogezwa, ni saa moja, siyo saa mbili. Usije ukaachwa." Basi. Akarudi kwako. Yule mama anasema chai ile aliinywa analia, na kesho yake saa kumi na mbili na nusu alikuwa kituoni.

Kwa hiyo nilijua kwamba anajua. Barua yako ya zile picha ilipofika niliiweka chini ya trei, wiki tatu, kwa sababu njia zote mbili zilikuwa zinanikata. Nikikwambia ukweli nakupoteza wewe. Nikinyamaza unampoteza yeye, na hana kosa. Nikachagua ya katikati, ambayo ni uongo.

Nisamehe. Nilikutafutia adui, nikakuta shemeji. Kitanda chako kipo, lakini naomba usikihitaji.

Dada yako


2 Mei

Dada,

Salamu. Mimi ni mzima. Nawe uwe mzima.

Nimechelewa kukujibu, na safari hii siyo kwamba nilikosa la kusema. Barua yako niliisoma nikalia kwa ajili ya yule mama na chai yake. Nikampenda mume wangu upya, kwa saa nzima. Halafu saa hiyo ikapita, nikaanza kufikiri: amevuka barabara, amempa chai, amerudi, amenishika mkono, akaniambia, "Tazama mawingu yale." Uso wake haukuonyesha kitu. Mtu anayeweza kufanya hivyo kwa wema, anaweza kufanya hivyo kwa sababu gani nyingine? Unaona ulichonipa? Ni kama mafua, dada, hayaombi ruhusa.

Wiki iliyopita, saa kumi na moja jioni, nilichukua kamera yake nikaenda roshanini kumsubiri. Nikajiambia najifunza. Nikavuta mpaka 300. Nikamwona anakuja na mwanamke mwenye ovaroli ya kiwanda, wanacheka, yule mwanamke anamgusa bega. Picha ikacheza mpaka ikawa ukungu mtupu. Nikashikilia ukuta ndipo nikaona vizuri. Nilimwangalia mume wangu akitembea barabara nzima, hatua kwa hatua, kama mwizi wangu.

Alipoingia sikumpa hata maji. "Yule wa ovaroli ni nani?"

"Fundi mpya wa umeme," akasema. "Ameachana nami pale kona. Umemwona wapi?"

Akaiona kamera juu ya kiti, lenzi imetolewa yote. Hakukasirika. Ingekuwa afadhali. Aliirudisha lenzi ndani taratibu, akafunika kifuniko, akaniuliza kama tule sasa au baadaye.

Kesho yake aliichukua lenzi ndefu akairudisha kwa yule muuzaji. Amekuja na ile ya 18 mpaka 135. Sikumwambia airudishe. Sikumwambia asiirudishe. Tumekaa roshanini, amenipiga picha moja nikimenya chungwa, karibu kabisa, nimemwona jicho lake moja limefumba. Nilitabasamu. Nusu ya tabasamu hilo ilikuwa ya kweli, dada, na ile nusu nyingine naitafuta kila siku. Nampenda mtu huyu kiasi kwamba nataka kuipata.

Kwa hiyo sikiliza. Siandiki kukusamehe wala kukufukuza. Panda basi la asubuhi, Ijumaa yoyote uipendayo. Ukae kwetu siku tatu. Ule mezani kwetu. Muulize mume wangu kila unachotaka kumuuliza, akiwa anakutazama usoni, nami nikiwa nimekaa hapohapo. Naye atakuuliza yake. Barua kama hii haina haja ya jibu. Nitakuwa kituoni kila Ijumaa mwezi huu mzima.

Njoo mwenyewe. Usitume mtu.

Mdogo wako